Viwanja vya Utupuni

Jina la nchi yetu sitalitaja. Si kwamba naogopa. Sheria inasema anayelitaja jina la nchi, kwa mdomo au kwa kalamu, sharti awe amesimama wima, na mimi hapa nilipo siwezi kusimama. Dari ni fupi. Nitaeleza baadaye. Hata karatasi ninayoandikia ina mashimo mashimo, kwa hiyo msomaji akiona neno limeruka asidhani nimeficha kitu. Katika nchi yetu hakuna anayeficha kitu.

Na hofu pia hakuna. Ilifutwa kwa amri mwaka ule ule mbu walipofutwa, na Wizara ya Utulivu ikapewa maofisa wa kupita nyumba kwa nyumba kuuliza kama kuna mtu ambaye bado anaogopa. Wote tulijibu kwamba hatuogopi. Mimi nilijibu kabla hawajagonga mlango.

Naitwa Ngwali Makungu, na nilikuwa mshereheshaji wa serikali. Kazi yangu ilikuwa kusoma itifaki. Nchi nyingine, nasikia, mtu akipanda jukwaani husema tu "itifaki imezingatiwa" ili asisumbuke kuwataja wakubwa mmoja mmoja. Kwetu hilo ni kosa la jinai. Kwetu kila mkubwa husalimiwa kwa vyeo vyake vyote, vya sasa na vya zamani, pamoja na tuzo alizopewa na magonjwa aliyopona, na maneno "itifaki imezingatiwa" husemwa mwishoni kabisa. Mpaka yasemwe, kila askari na kila ofisa husimama mkakamavu akitazama jukwaa, na haruhusiwi hata kugeuza shingo. Baba Upeo mwenyewe, mkuu wetu wa nchi, hufumba macho ili sifa zimwingie vizuri. Kulikuwa na askari mmoja, Koplo Hiza, aliyeumwa na nyuki kwenye kope nikiwa katikati ya vyeo vya Waziri wa Maziwa. Akainua mkono. Sikumwona tena, na mkewe alipoulizwa alisema yeye hajawahi kuolewa.

Mambo ya utupu yalianzia kwa kinyozi. Baba Upeo alikuwa akinyolewa ndevu, na kinyozi wake alikuwa amesahau kuzima redio ya nchi jirani. Redio ikasema kwamba wataalamu wa falaki wanachora ramani ya mapengo makubwa yaliyo kati ya galaksi na galaksi, mapana kiasi kwamba mwanga wenyewe huchukua mamilioni ya miaka kuyavuka, na kwamba humo ndani hamna kitu. Baba Upeo akaushika mkono wa kinyozi, wembe ukiwa shingoni.

"Hamna kitu," akasema. "Na hamna aliyekwenda kuchukua?"

Kinyozi akajibu kwamba hajui. Ndilo jibu lililomwokoa.

Jioni hiyo nilimtambulisha Baba Upeo redioni, nikamsikia akilihutubia taifa kwa sauti yake ya sikukuu. "Wananchi wenzangu, wenzetu waligawana nchi kavu sisi tumelala. Wakagawana bahari sisi tunajinyoosha. Leo imegundulika sehemu kubwa kuliko nchi kavu na bahari zote, haina mwenyewe, haina mgogoro, haina mawe. Je, tuendelee kupiga miayo?" Taifa likajibu hapana. Ikaundwa Tume ya Taifa ya Kupima, Kuchora na Kumiliki Utupu, na Waziri wa Ardhi, Mheshimiwa Mashimba Lukole, akaongezewa mbingu kwenye wizara yake.

Gari jeusi lilisimama mlangoni kwetu tukiwa mezani, mchana. Nilidhani limekuja kunichukua mimi. Nilivua saa nikamsukumia mke wangu, nikabaki nimekaa na tonge mkononi. Kumbe walimtaka yeye. Mke wangu, Siwatu, alikuwa akifundisha falaki katika chuo cha walimu, na kwa kuwa mwalimu mwingine wa somo hilo alikuwa amekwenda kutembea mpakani, yeye ndiye aliyebaki nchi nzima.

Hapa nieleze, kwa sababu msomaji wa mbali anaweza kuelewa vibaya. Wananchi wetu walikuwa na mazoea ya kwenda kutembea mpakani na magodoro yao. Walivuka mto, wakipenda mandhari ya upande wa pili wakakaa. Vijiji vya katikati ya nchi vilikuwa vimetulia mno kwa sababu hiyo, na Wizara ya Utulivu ikavipa vikombe. Binti yetu Mize naye alikuwa ametangulia na godoro lake. Rasmi, hatukuwa na mtoto. Nyumbani tuliendelea kuitana Baba Mize na Mama Mize, lakini kwa sauti ya chini.

Siwatu aliingia Ikulu na beseni. Mbele ya Baraza zima alimimina maji na sabuni, akapiga povu kwa mkono mpaka likajaa, nami nikiwa pembeni na kipaza sauti. Nilikuwa namjua mke wangu. Ukimuuliza kitu, anajibu.

"Baba, na waheshimiwa," akasema, "ulimwengu umekaa hivi. Galaksi, kila moja na nyota zake zisizohesabika, zimepangana kwenye ngozi za mapovu. Ndani ya kila povu ni utupu. Utupu wenyewe hauonekani, huwezi kuupiga picha. Kwa hiyo hatuuchori wenyewe. Tunachora walio pembeni yake, mmoja mmoja, mpaka lile pengo la katikati lijitokeze."

"Yaani asiyekuwepo mnamjua kwa kuwatazama waliomzunguka," akasema Baba Upeo.

"Ndiyo, Baba."

"Hata sisi tuna idara inayofanya hivyo," akasema, na mkuu wa idara hiyo akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. "Endelea, Daktari."

Nilimwomba Mungu asiendelee. Akaendelea. Akasema utupu hautulii mahali pamoja. Vichache vilivyomo ndani yake huvutwa polepole kuelekea pembeni, kwenye wingi, na kadiri miaka inavyokwenda katikati huzidi kuwa tupu na utupu wenyewe huzidi kutanuka.

Baba Upeo akaliinamia povu. "Kwa nini vinakimbia?"

"Havikimbii, Baba. Ni kwamba katikati hakuna cha kuvishika."

Mheshimiwa Lukole alikuwa ameshika bilauri, na maji yaliyomo yakaanza kucheza. Mimi nilitazama viatu vyangu nikayakumbuka maisha yangu, ambayo kwa sehemu kubwa yalikuwa vyeo vya watu wengine. Ndipo Baba Upeo akatabasamu. Nimemsherehesha kwa miaka mingi na naweza kusema kwamba akikasirika mtu hulala njaa, lakini akitabasamu mtu halali kwake.

"Chora," akasema.

Siwatu alichora. Alitumia vipimo ambavyo vyuo vya nje huvitoa bure kwa yeyote anayeuliza, akavihamishia kwenye kitambaa kikubwa cha khaki: nukta ndogo ndogo nyeupe pembeni, zimejikusanya kama watu waliokimbilia barazani mvua ikinyesha, na katikati khaki tupu. Ilikuwa kazi nzuri, nilijisikia fahari. Baba Upeo aliitia saini katikati, akaliita pengo lile Uwanda Mkuu, na ikawa ni uhaini kusema halina kitu kwa kuwa sasa lilikuwa na saini.

Kilichofuata msomaji wa kwetu ameshakibashiri. Ramani haikuwa imekauka rangi kabla Mheshimiwa Lukole hajafungua dirisha la viwanja.

Ni desturi yetu. Ukimwonyesha mtu wa kwetu ardhi mpya, haulizi ina maji au ina nyoka. Anauliza dirisha liko wapi. Waheshimiwa walisukumana foleni wakitaka viwanja vya kona, vinavyotazama galaksi, kwa hoja kwamba huko umeme utafika mapema. Jaji Mkuu alipigana na Mkuu wa Magereza kwa ajili ya kipande ambacho, kwa hesabu za mke wangu, kingemchukua kila mmoja wao muda mrefu kuliko umri wa dunia kukizunguka. Sheria iliruhusu kila mkubwa kiwanja kimoja tu kwa jina lake, basi vingine wakaandikisha kwa majina ya wake, mashemeji na watoto ambao hawajazaliwa. Lukole aliandikisha mpaka kwa jina la mbwa wake.

Na mimi nikapanga foleni. Kila mtu alikuwa amepanga, na mtu asiyepanga foleni kwetu huangaliwa. Nilipofika dirishani karani akaniuliza, "Jina lako au la mama?" akimaanisha mke wangu, maana ndivyo wanaume wote walivyokuwa wakifanya. Nikasema la mama. Nikarudi nyumbani na hati imekunjwa kifuani.

"Mama Mize, nimekupatia kiwanja."

"Wapi?"

"Kule kwako. Kitalu cha tatu, kona."

Alikuwa akichambua mchele. Akauacha. "Baba Mize, umeniandikisha jina langu kule?"

"Kila mtu kaandikisha la mkewe."

"Kule hakuna ardhi. Hakuna juu wala chini. Hutakuta hata vumbi la kufuta."

"Kitapanda thamani," nikasema.

Alinitazama, si kwa hasira. Alinitazama jinsi mtu anavyomtazama mtoto aliyelala karibu na moto. Kisha akarudi kwenye mchele wake, na mimi nikaitundika hati ukutani, juu ya redio.

Redio ndiyo iliyoleta balaa. Nchi jirani ilitangaza, kwa dharau, kwamba serikali fulani imemiliki mahali pasipo na mkazi hata mmoja. Baba Upeo aliposikia alivunja redio, akaagiza nyingine, akaisikiliza tena ili ahakikishe, akaivunja na hiyo. Kesho yake nikasoma amri mwenyewe, kwa sauti yangu hii. Ilisema kiwanja kisichoendelezwa ni tusi kwa taifa. Ilisema kila mwenye hati ahamie kwenye kiwanja chake. Ilisema siku ya Ufunguzi Rasmi wa Uwanda Mkuu asionekane mwenye kiwanja aliyebaki mjini bila sababu, na kwamba usafiri utatolewa na serikali.

Waheshimiwa walicheka sana. Kwenye kantini ya Baraza walipigana mabegani wakaulizana wataondoka na ndege gani. Wakacheka mpaka lilipokuja basi.

Lilikuwa basi jeupe, vioo vyake vimepakwa rangi kwa ndani. Lilianza kwa Mheshimiwa Lukole kwa sababu ndiye aliyekuwa na viwanja vingi. Alitoka nje na pajama na cheo. "Mimi ndiye niliyevigawa," alimwambia kondakta. "Mimi si mkazi, mimi ni waziri."

"Ndiyo, Mheshimiwa," kondakta akamjibu kwa adabu. "Panda ukae mbele."

Walimchukua na mbwa. Asubuhi iliyofuata mkewe alisema gengeni kwamba mumewe anaendeleza kiwanja, akanunua nyanya, akasahau kuzichukua.

Watu wenye midomo mirefu walinong'ona kwamba basi haliendi mbinguni, bali linakata kushoto nyuma ya kambi ya jeshi, kwenye mabanda ya lile Shirika la Kuku la Taifa lililokufa zamani. Mimi sikuamini. Barabara ile ina kilima, na kitu kinachopanda kilima kinaelekea juu. Lakini tangu siku hiyo kila nikisikia breki nje, mwili wangu ulikwenda wenyewe kujificha nyuma ya kabati la vyombo, kisha nikatoka na sahani mkononi nikijifanya nilikuwa natafuta sahani.

Nyumba yetu ikajaa wageni. Jaji Mkuu alikuja na kuku wawili. Naibu wa Lukole, Bi Chausiku Mbega, mwanamke aliyewahi kuifunga shule kwa sababu kengele yake ilimsumbua, alikaa kwenye kigoda jikoni kwetu akilia kwa kwikwi.

"Daktari, dada yangu, usogeze huo mpaka. Kidogo tu. Kiwanja changu kitoke nje, kiangukie kwenye galaksi yoyote. Hata mbaya."

"Ningesogeza," Siwatu akasema, akampa leso. "Wallahi ningesogeza. Lakini Baba ameshaitia saini, na nukta zinahesabiwa kila asubuhi. Wamenipangia askari wa kuzihesabu."

"Basi nifanyeje?"

"Una ndugu ng'ambo ya mto?"

Bi Mbega aliacha kulia ghafla, akafunga mdomo, akatazama ukuta kama vile ukuta ndio uliouliza. Alipoondoka aliacha leso. Basi lilimpata nyumbani kwake akiwa anafunga godoro.

Majina yalisomwa redioni kila alasiri, na msomaji nilikuwa mimi. Huletewa bahasha, hufungua, husoma. Siku ile nilifungua, nikasoma jina la kwanza, la pili, na nilipoliona la tatu sauti yangu ikaendelea kulisoma kabla mimi mwenyewe sijalielewa, kwa sababu sauti yangu imezoea: "Daktari Siwatu Ngwali Makungu, mwenye kitalu cha tatu, kona. Atahamia mara baada ya Ufunguzi Rasmi, kwa heshima ya kuchora ramani." Taa nyekundu ikazimika. Fundi wa mitambo hakuniangalia.

Nilimkuta nyumbani ameketi mezani na redio imezimwa. Nikasema nimefanya kama wote. Nikasema nilidhani ni zawadi.

"Najua," akasema. Alikuwa akikoroga chai isiyokuwa na sukari, kijiko kikigonga kikombe, na hakuna sauti iliyowahi kunitisha kama ile. "Naogopa, Baba Mize."

Hakuna aliyewahi kulitamka neno hilo ndani ya nyumba yetu tangu amri. Nilikwenda nikafunga dirisha. Kisha nikakaa karibu naye nikalitamka na mimi, na tukakaa hivyo, watu wawili wazima, tukivunja sheria.

Baadaye akaniuliza, "Siku ya Ufunguzi itifaki utasoma wewe?"

"Nani mwingine?"

"Inachukua muda gani?"

"Inategemea viti."

"Viti vingi vitakuwa vitupu. Wenyewe wameshahamishwa. Na vitupu husomwa?"

Nikafikiri. Nilikuwa naijua sheria ile kuliko Fatiha. "Anayesalimiwa ni cheo, si mwili. Kiti kikiwepo, kinasomwa."

"Na askari hawageuki?"

"Mpaka niseme neno la mwisho."

Alikunywa ile chai. "Basi usome vizuri, Baba Mize," akasema, na hatukuzungumza tena habari hiyo, maana kuta zetu zilijengwa na serikali.

Uwanja wa Taifa ulijengwa kando ya mto wa mpakani kwa makusudi, ili jirani wasikie makofi yetu. Siku ya Ufunguzi malori yalileta watu tangu alfajiri, wale waliokuwa bado hawajakwenda kutembea. Walijazwa kwenye majani katikati ya uwanja, wakapewa vibendera. Ramani ya khaki ilitundikwa nyuma kabisa, juu ya lango la upande wa mto, na mchoraji wake akapangiwa kusimama chini yake ili aonekane. Basi jeupe liliegeshwa upande wa jukwaa, injini inanguruma. Askari walipanga mstari mbele ya wananchi, nyuso zao zikitutazama sisi wa jukwaani.

Jukwaani tulikuwa watu wawili. Katikati alikaa Baba Upeo. Kulia kwake na kushoto kwake, safu kwa safu, vilipangwa viti vyekundu vya waheshimiwa, vyote na majina yake, na hakikuwa na mtu hata kimoja. Mimi nilisimama kwenye kipaza sauti. Nilihisi haja ndogo.

Nikaanza. Nikamsalimia Baba Upeo kwa vyeo vyake vyote, naye akafumba macho, akaegemea, uso ukalainika. Askari wakakakamaa. Kisha nikageukia kiti cha kwanza kitupu.

"Mheshimiwa Mashimba Lukole," nikasema, "Waziri wa Ardhi na Mbingu, aliyewahi kuwa Waziri wa Ardhi bila Mbingu, aliyewahi kuwa Mkuu wa Mkoa wa Kati ulipokuwa na watu, mshindi wa medali ya kusimama muda mrefu, aliyepona tezi, aliyepona safura, mwenye kitalu cha kwanza, cha nne, cha tano," na nikavitaja viwanja vyake kimoja kimoja, na vya mashemeji, na vya wajukuu watarajiwa, na cha mbwa, nikimpa mbwa naye heshima zake.

Nilikuwa nasoma kwa mdomo, macho yangu yako langoni. Nilipofika kiti cha Jaji Mkuu niliona mtu mmoja wa nyuma ameinamisha kibendera chake akarudi kinyumenyume hatua chache. Hakuna aliyemzuia. Mwingine akafuata. Kisha watu wote wa nyuma wakaanza kujongea pembeni, polepole, bila kusukumana, wakiambaa na kuta kuelekea lango. Wale wa katikati wakaona nafasi nyuma yao, wakavutika na wao. Katikati ya uwanja majani yakaanza kuonekana, kwanza kipande, kisha duara, na duara likatanuka. Nikatazama khaki iliyotundikwa juu na nikatazama majani. Ilikuwa ramani moja.

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Ilitosha askari mmoja tu apige chafya, au Baba Upeo afumbue jicho moja. Nikapunguza kasi. Nikamsalimia Mkuu wa Magereza kwa kila gereza. Nikamsalimia Bi Chausiku Mbega kwa kila shule aliyoifunga. Viti vikaisha. Siwatu alikuwa bado chini ya ramani. Alikuwa akiwapisha watu wapite, mwanamke yule, akiwashika watoto mkono kwenye ngazi.

"Na kwa kuwa leo tunafungua Uwanda Mkuu," nikasema, na sijui neno hilo lilitoka wapi, "itifaki inatutaka tuwasalimie majirani wa Uwanda huo." Nikaanza kuzisalimia galaksi. Nilizijua chache tu kwa kumsikia akizitaja jikoni, na zilipokwisha nikazitungia majina na vyeo. Baba Upeo alitabasamu akiwa amefumba macho. Alidhani wote hao wamekuja.

Lango likabaki na mtu mmoja. Aliinua mkono, akautengeneza mtandio wake ambao haukuwa umeharibika, akanitazama uwanja mzima ukiwa katikati yetu. Kisha akapita.

Nikaongeza galaksi mbili tatu kwa ajili ya njia ya kushuka mtoni, nyingine kwa ajili ya mtumbwi. Sauti ikakatika. Nikasema kwa kunong'ona, "Itifaki imezingatiwa."

Baba Upeo akafumbua macho. Askari wakageuka. Majani matupu, kuta tupu, vibendera vimelala chini. Kutoka ng'ambo ya mto ikaja sauti iliyofanana sana na makofi, ingawa inawezekana walikuwa wanakung'uta magodoro.

"Wananchi wako wapi?" akaniuliza.

"Wamehamia, Baba."

Kwa kuwa mwenye kitalu cha tatu hakupatikana, na kwa kuwa kiwanja kisichoendelezwa ni tusi kwa taifa, sheria humtaka mume akiendeleze kwa niaba. Kwa hiyo nilipanda basi. Kweli lilipanda kilima kile, kisha likakata kushoto.

Kiwanja changu kina urefu wa kulala na kimo cha kuku mkubwa. Kuna wavu upande mmoja na harufu ambayo wenyeji wake wa zamani waliiacha. Ninaandika nyuma ya trei za mayai, na ndiyo sababu ya mashimo. Mke wangu alikuwa sahihi kwa mengi, lakini nikimwona nitamwambia kwamba utupu si mtupu kama watu wanavyodhani. Kushoto kwangu yuko Mheshimiwa Lukole, ambaye anakohoa na bado anataka aitwe Mheshimiwa, na mimi namwita, ananyamaza kidogo. Mbwa wake alikufa. Mbele zaidi yuko mtu asiyesema jina lake, lakini nzi akimtua usoni haiinui mikono, nami nadhani ni Koplo Hiza.

Kila baada ya siku chache maofisa wa Wizara ya Utulivu huja, huinama penye wavu, hunimulika tochi machoni na kuniuliza, "Daktari Siwatu yuko wapi?" Mimi hutetemeka mpaka wavu unalia, na huwajibu kwamba sijui, na ni kweli sijui. Wakishaondoka hulala chali, nikajifunika uso kwa mikono, nikacheka bila sauti, kwa maana mtu aliyepatikana haulizwi.

Jana walikuja tena, wakaniuliza.